Kiti cha Fundi wa Breki

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha gunia na kuambiwa nilale chini ya lori. Ilikuwa Kimamba, katika karakana ya shamba la mkonge, miaka ile Uhuru ukiwa bado mchanga. Nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama kwa heshima ya kuanza kazi. Msimamizi wa karakana, mzee mfupi asiyetembea bila spana mfukoni, alilitazama shati lile bila huruma.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ingia, ufumbe macho, uitafute paipu ya breki kwa kidole kutoka mbele mpaka magurudumu ya nyuma. Ukipotea, rudi ulikoanzia."

Nilipotea mara nyingi. Shati halikuwa jeupe tena, na mama aliliombolezea wiki nzima.

Ninyi vijana mnaofanya kazi mkiwa mmesimama, gari limeinuliwa juu yenu, huenda mkacheka. Lakini mzee yule alijua alichokuwa akifundisha. Dereva anapokanyaga pedeli husukuma mafuta yaliyomo kwenye masta silinda, nayo mafuta hupita katika paipu nyembamba kama penseli hadi kwenye gurudumu. Mafuta hayabonyei, na ndiyo sababu gari husimama. Yakipata moto hadi kuchemka hugeuka mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo utakanyaga mpaka sakafuni na gari litaendelea na safari zake. Kwa hiyo paipu ya breki na bomba la moshi, ambalo mafundi tunaliita ekzosi, ni wake wenza. Kila mmoja apewe nyumba yake.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo sikuikuta kwingine. Fundi yeyote aliyeingia chini ya gari, awe amegusa breki au hakuzigusa, alipanda gari hilo kiti cha mbele na kuteremka nalo mlima wa kwanza. Hakukuwa na udhuru. Msimamizi alisema, "Mimi sina haja ya kukagua kazi yako. Mlima utaikagua ukiwa ndani." Tuliichukia sheria hiyo. Ilitupotezea muda, na mafundi wengine walikuwa wakitapika kwenye kona. Lakini katika miaka yangu yote pale, hatukuzika dereva.

Kisha likaja Azimio, mashamba yakataifishwa, na mameneja wakaondoka. Msimamizi wetu akastaafishwa. Mimi nilihamishiwa Kilosa mjini, kwenye karakana ya ushirika, chini ya Mkuu wa Karakana aliyekuwa mtu mwema na mwenye maneno mengi. Magari ya mashamba yaligawiwa. Mojawapo, gari kuukuu la kutembelea la meneja, pana na zito, la miaka ya kabla ya Uhuru, lilipelekwa kijiji cha ujamaa milimani lihudumie zahanati. Siti ya nyuma iling'olewa, pakatandikwa godoro. Dereva wake alikuwa shemeji yangu Saidi, mume wa dada yangu Mwanaidi. Kazi yake ilikuwa kuwateremsha hospitali akina mama ambao uchungu umewashinda. Kabla ya gari hilo walibebwa kwa machela, na wengi waliishia njiani.

Mwaka mmoja Saidi alinifikia gari likinguruma kama mashine ya kusaga. Ekzosi ilikuwa imeoza yote. Bomba nene la kuiwekea halikupatikana Kilosa wala Morogoro, na hata sabuni ya kuogea siku zile ilikuwa ya kufuatilia kwenye foleni. Tulichopata ni mabomba mawili membamba ya chuma, chakavu cha mashambani. Bomba moja jembamba lingeikaba injini. Mawili yangetosha. Ndivyo gari la zahanati lilivyopata ekzosi mbili, kwa dhiki, wala si kwa mbwembwe kama mnavyofanya leo.

Tatizo ni kwamba bomba la pili lilitaka kupita kushoto, na kushoto ndiko ilikopita paipu ya breki. Ikabidi kuihamisha. Nilikunja paipu mpya taratibu nikiwa nimeijaza mchanga laini ili isijibonyeze kwenye kona, nikaisafisha kwa mafuta, nikaipitisha upande wa ndani wa chesisi, yaani fremu ya gari, mbali na moshi. Niliibana kwa vibanio ili isitikisike, nikaikinga kwa kipande cha bati. Mwisho tukatoa upepo, maana hewa ikibaki ndani inabonyea kama mvuke. Kisha nikafungua mlango wa mbele, nikakaa.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Saidi akauliza.

"Milimani. Tupande, halafu unishushe."

Alicheka. Alikuwa mtu wa utani. "Kumbe huniamini?"

"Nakuamini wewe. Najipima mimi."

Tuliteremka ule mlima wote, kona kwa kona, na pedeli ikabaki juu palepale. Mwanaidi, aliyekuwa akitusubiri kwangu mjini, alitupokea na ugali wa moto na mlenda. Sijapata kula chakula kitamu kuliko kile.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, kambi ya barabara, kutengeneza magreda na matipa. Msimamizi wa kambi alikuwa mkali, ruhusa alizitoa kwa tabu, na tembo walikuwa wakitungojesha asubuhi mpaka wapite. Nilijaribu kuianzisha pale sheria ya Kimamba. Msimamizi akanijibu, "Fundi, hayo ni mambo ya mabwana wa mkonge. Hapa tunajenga taifa, hatuna muda wa kutembezana." Wenzangu wakacheka. Nikarudi chini ya greda.

Taarifa ya Saidi ilinifikia Mikumi kwa mdomo wa dereva wa lori. Gari la zahanati lilikuwa limeshindwa kusimama likiteremka na mgonjwa. Saidi aliligeuza likagonga ukingo wa mlima kwa upande wake yeye. Mgonjwa na muuguzi waliokuwa nyuma walitoka na majeraha. Yeye hakutoka.

Baada ya maziko nilikwenda kuliona gari pale lilipolala. Nilitandika gunia, nikaingia chini, nikafumba macho. Nilifuata paipu kwa kidole kama siku ya kwanza. Vibanio vyangu vilikuwepo vyote ila kimoja. Katikati ya safari kidole changu kikagusa waya. Kining'inizi cha bomba la kushoto kilikuwa kimekatika, na mtu alikuwa amelivuta bomba juu na kulifunga kwa waya, likabana bati langu na kuilalia paipu ya breki. Na ndani ya paipu hakukuwa na mafuta. Yalikuwa maji ya sabuni, kama yalivyokuwa katika nusu ya magari ya nchi, kwa kuwa mafuta ya breki hayakupatikana. Maji huchemka upesi zaidi. Nililala pale chini nikalia.

Nilimtafuta fundi aliyelifunga. Alikuwa ndiye aliyechukua nafasi yangu pale Kilosa, kijana mpole, macho mekundu.

"Kaka, mimi niligusa ekzosi tu," akasema. "Breki sikuzigusa."

"Ulipanda naye?"

"Nipande kwa nini? Niligusa ekzosi."

Hakuwa akidanganya, wala hakuwa mvivu. Hakuwahi kuambiwa sheria ile. Mkuu wa Karakana, aliyekuwa amesimama karibu, alisema, "Pole sana, ndugu. Kazi ya Mungu haina makosa." Nilitamani kumpiga mtu, na sikumwona wa kumpiga. Mpaka leo sijamwona.

Gari lingine halikuja. Akina mama wa kule wakarudi kwenye machela.

Niliendelea na kazi mpaka nikastaafu, nikarudi Kimamba. Kila nilipofanya kazi niliisema sheria ile, na kila mahali ilisikilizwa kwa adabu na kusahauliwa. Siku hizi vijana huniletea magari wakitaka ekzosi mbili zinazopiga kelele. Huwauliza paipu ya breki itapita wapi. Huniambia, "Mzee, sisi tunataka mlio tu." Wengine ni watoto wazuri, wana shikamoo zao. Huwarudisha. Najua watapata fundi mwingine kabla jua halijatua, na simlaumu. Kazi niliyoipenda nimeiona ikifa mikononi mwangu, wala sina cha kuwapa kinachoweza kuifufua.

Mwanaidi tunaishi naye. Hakuolewa tena. Tukikodi gari kwenda kliniki Kilosa yeye hupanda nyuma, na mimi sharti nipande nyuma pamoja naye, magoti yakigusa mdomo. Juzi dereva alimwambia, "Bibi, mbele kuna nafasi, mzee aje akae vizuri."

"Hapana, mwanangu," dada akajibu. "Hapo hukaa fundi aliyeingia chini ya gari hili. Nenda kamwite, tutamsubiri."