Mwanga Katika Ubongo wa Panya

Nimehama miji mingi tangu wakati huo, na kila ninapofungua mizigo ninaikumbuka meza ya nyumbani Makongeni. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho. Nilikuwa nikisafisha vizimba vya panya katika maabara ya utafiti, na vijana wa mtaa walinipa cheo changu: "Niaje, daktari wa panya! Leo umetibu wangapi?"

Siku moja mtafiti aliniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Nikaona seli za neva zinang'aa kijani, na matawi yake yote, kama mizizi ya nyasi iliyowashwa taa. Jioni nilimsimulia baba. Alikuwa mtu wa reli, hadi kiharusi kilipomwachia mkono wa kulia usiosikia amri.

Nilimweleza kwamba wanachukua kirusi, wanakiondolea sehemu zinazoleta ugonjwa, kisha wanakipa jeni ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayetoa mwanga. Kikidungwa ubongoni mwa panya kinaingia ndani ya seli, kinaiacha ile jeni humo, nazo seli zinaanza kung'aa.

"Behewa hilo," baba akasema. "Mnamwaga mzigo wake, mnapakia wenu, halafu linaingia stesheni bila mtu kushtuka."

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu augue, nami nikaona niishie hapo.

Asubuhi nilimkuta mezani amevaa koti la kanisani na tai. Mama alikuwa amechutama akimfunga kamba za viatu, hanitazami.

"Twende huko kwenu," baba akasema.

"Baba, ule mwanga hauponyi. Unaonyesha tu kirusi kimefika wapi."

"Nani ametaja kupona? Waniwekee, watazame upande wa mkono huu. Waniambie kama bado kuna mtu ndani."

Ningeweza kumdanganya kwamba hawapokei watu bila barua. Lakini ninamjua, angeanza kuingoja hiyo barua. Nikamwambia lile nililoliruka jana: kwamba ili mwanga ule uonekane, panya aliuawa, ubongo wake ukakatwa vipande vyembamba, vikawekwa chini ya kioo cha hadubini.

Mikono ya mama ikatulia juu ya kiatu.

"Na jana ulilijua hili?" baba akauliza.

"Nililijua."

"Kumbe ni taa ya matanga."

Akajaribu kulegeza tai kwa mkono wa kushoto, fundo likazidi kukaza. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akageuza shingo.

"Wewe nenda. Utachelewa, na panya wako wanataka chakula."

Nguo zangu zilikuwa na harufu ya vizimba, harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Nikaenda. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia mama akimwambia kwa sauti ya chini ainue kidevu.