Mayai Mekundu ya Pasaka ya Pili

Mwaka ule Pasaka ilikuja Uvira mara mbili. Ya kwanza ilikuwa yetu Wakatoliki: nguo mpya, nyimbo, wali wa Luberizi. Ya pili ilikuja wiki kadhaa baadaye, na kwa macho yangu ilikuwa ya madamu mmoja tu, mke wa mfanyabiashara Mgiriki ambaye mama alimfulia nguo. Wagiriki huhesabu Pasaka kwa kalenda yao. Mimi niliona ni ubishi wa Wazungu. Yesu afufuke mara ngapi?

Siku ya pili ya sikukuu yake tulimkuta jikoni na bakuli la mayai mekundu, aliyoyachemsha na maganda ya vitunguu. Akanieleza kwamba wekundu ni damu ya Yesu na ganda ni kaburi. Ukiligonga likavunjika, kaburi limefunguka. Akanipa moja, akagonga kwa lake. Langu likapasuka. Akacheka, akaniambia nile.

Kwetu wanawake hawakula mayai. Ilisemwa kwamba mwanamke akila yai amejifunga kizazi. Halikuwa katazo la padri, lilikuwa la bibi zetu, kwa hiyo halikuwa na maungamo. Nilikuwa na miaka tisa na nililijua vizuri. Lakini mama alikuwa nje anaanika, na mimi nilikuwa mlafi. Nikalimaliza kwa kuuma mara tatu tu, nikafukia maganda kwenye majivu.

Tulipoondoka madamu alitupa manne zaidi, ya baba na kaka zangu. Nilibeba kikapu mimi, kwa sababu mama alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku hizo waasi walikuwa wameshaingia bonde la Ruzizi, na askari walioletwa kutoka mbali walikuwa wameweka gogo barabarani. Waliogopa dawa ya waasi kuliko risasi. Ilisemekana inageuza risasi kuwa maji, na kwamba wanawake ndio wanaoipitisha chini ya mboga. Askari mmoja akafunua kitambaa cha kikapu, akaruka nyuma.

"Hii iko nini?"

"Mayayi ya Pasaka, chefu," mama alisema.

"Pasaka ilishapita. Hata minye nilisali."

Alisema kweli, na mama naye alisema kweli. Mama akaanza kueleza habari za Pasaka mbili, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Askari wa pili akakoki bunduki.

"Kama iko chakula, mutoto akule. Yeye ndiye anabeba." Yule wa kwanza akanitia yai mkononi.

Nilikuwa na neno moja la kusema: nimeshakula moja kule, na niko mzima. Lingetosha, au angalau lingemfanya asite. Lakini nilimtazama mama, nikaogopa fimbo yake kuliko ile bunduki. Nikanyamaza. Sijawahi kujisamehe.

"Kwetu banamuke habakulake mayayi," mama alisema.

"Basi iko dawa."

Mama akalichukua yai mkononi mwangu. "Huyu bado hajazaa," alisema. "Minye nitakula."

Alilimenya, akalila lote huku ameligeukia ziwa. Kisha wakatukalisha kando ya barabara wangoje kama atakufa. Nilihesabu pumzi zake mpaka kivuli cha gogo kikahama. Hatimaye yule askari akakipiga kikapu teke, akatuambia tupite.

Njiani mama alishika tumbo lake muda wote. "Baba yako asijue," aliniambia. Nililia mpaka nyumbani, naye akadhani nalia kwa sababu ya bunduki.

Mdogo wangu alizaliwa Rurambo, milimani tulikokimbilia mji ulipotekwa. Alikuwa mzima, mwenye nywele tele na sauti kubwa. Mama alimkagua vidole mara mbili. Baada yake hakushika mimba tena. Shangazi zangu walileta mizizi, wakamsema naye anasikia. Daktari angetaja njaa, kukimbia, na kuzalia chini bila mkunga, na mimi namwamini daktari. Mama aliamini yai.

Ukubwani nilisoma kwamba Wakristo wa zamani walikatazwa mayai Kwaresima nzima, na kwa kuwa kuku hawajui Kwaresima, mayai yakarundikana mpaka Pasaka. Kumbe na wao walikatazwa, ila kwa siku arobaini tu. Nilicheka, halafu nikakasirika siku nzima.

Nimezaa watoto saba. Kila nilipojifungua mama alikuja kumwogesha mtoto, na kila mara aliniinamia akasema polepole, nisikie mimi peke yangu:

"Unaona? Nilikukingaka."

Nami kila mara nilimjibu, "Aksanti, mama."