Niliiogopea Rangi ya Gari, Mbegu ya Mama Ikaoza

Ndugu zangu, mimi ni mkosaji. Simtafuti wa kunitetea, na jina langu silitaji kwa sababu mama yangu bado yuko hai na kijijini kila mtu anamfahamu. Nimekaa na jambo hili mpaka limenichosha. Acheni niliseme.

Nilitumwa pikapu, nikanunua saluni. Basi! Najua utacheka. Utasema, mtu mzima analia kwa sababu ya aina ya gari? Subiri kidogo.

Sisi ni watu wa upande wa Mungaa. Baba alifariki akamwacha mama, mimi na mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Yona. Mimi na Yona tulikuwa tunafanya biashara ya kuku. Tulizunguka vijijini kwa baiskeli, kila baiskeli na matenga yake nyuma, kisha tukawapeleka kuku hadi Manyoni kuwauzia wasafiri wa treni. Ni mbali, jamani! Kuku wengine walikufa kwa jua njiani, na sisi wenyewe tulifika hoi.

Mama ndiye aliyetoa shauri kwamba tuuze ng'ombe tununue pikapu kuukuu. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wangu. Walikuwa wa nyumba ya mama, na baadhi yao ndio waliokuwa mahari ya Yona, kwani alikuwa hajaoa. Yona akakubali kungoja. Aliniambia, "Kaka, wewe ndiye unayejua magari. Nenda ukatununulie."

Na kweli nilikuwa nayajua. Hapo ndipo ninapojichukia! Nilifanya kazi ya utingo kwenye lori miaka mingi kabla ya kupata leseni. Ningekuwa mshamba wa magari, leo ningejisamehe.

Nilijua kwamba lori linabeba sana lakini linakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi kisimani. Landrova inapita popote, ila bei yake si ya watu wa kuku. Stesheni wagoni ukiikunja viti vya nyuma unapata nafasi nzuri, lakini mzigo unakaa humo humo ndani mwenu, na harufu yake. Pikapu ina bodi wazi. Unatupia tenga, gunia, mbuzi, samadi, hata mgonjwa na kitanda chake. Tena tumbo lake liko juu, mawe ya kwetu hayaligusi.

Saluni je? Saluni ni viti na buti, na tumbo liko chini. Ni gari la mtu anayetoka kwenye lami kwenda kwenye lami. Sisi lami tulikuwa nayo wapi?

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani siku nilipoingia kwenye yadi ya magari kule Dodoma. Pikapu ilikuwepo, ya kijivu, bodi imebonyea, kiti chake kimeshonwa kwa uzi wa katani. Nikaiwasha, ikawaka mara moja. Pembeni yake walikuwa wameegesha saluni ya buluu iliyong'aa mpaka nikaiona sura yangu mlangoni.

Niseme ukweli. Miaka yote ya utingo nilisafiri juu ya mizigo. Bosi wetu alikuwa na saluni. Kila alipotupita alitupungia vidole viwili tu dirishani, sisi tukabaki tunatema mchanga. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba siku moja na mimi nitapita nimefunga vioo.

Muuzaji aliniona ninavyoitazama. Akasema, "Pikapu ni gari ya kazi, bwana. Hii ni gari ya mwenyewe."

Mwenyewe! Neno moja tu, nikasahau ng'ombe ni wa nani. Nikasaini.

Nilipofika nyumbani akina mama wa jirani walipiga vigelegele. Mama yangu akatoka ndani akiwa na unga mikononi, akajifuta kwenye khanga kabla ya kuligusa gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inapendeza. Sasa kuku watakaa wapi?"

"Kwenye buti, mama."

"Watapumua?"

Nikacheka peke yangu. Yona hakucheka. Alifungua buti, akapima kwa mikono upana wa tenga, akapima tena, akafunga taratibu. Kisha akaenda kuitia mafuta cheni ya baiskeli yake.

Heri angenitukana! Hakunitukana hata siku moja, na hilo linanikera mpaka leo.

Tenga halikuingia kwenye buti, wala mlangoni halikupita. Tukajaribu kuwafunga kuku miguu na kuwapanga kwenye kiti cha nyuma. Nilifika Manyoni jogoo mmoja amepanda begani kwangu na viti vimechafuka vibaya sana. Tangu siku hiyo nikapiga marufuku kuku ndani ya gari. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya kuku! Yona akaendelea kunyonga baiskeli, mimi nikawa nabeba maharusi Jumamosi na kuosha gari Jumapili. Watu wakaanza kunitania, "Kabaila huyo anapita!" Nami mjinga nikadhani wananionea wivu.

Hayo yote yangeweza kusamehewa. Kosa lenyewe linakuja sasa.

Mama alikuwa na mbegu ya uwele aliyorithi kwa mama yake. Si uwele huu wa kawaida. Masuke yake yalikuwa na ndevu ndefu ngumu, ndege wakitua zinawachoma machoni, wanaondoka. Shamba la jirani linaliwa mpaka mabua, la mama linabaki. Wanawake wa kwetu wengi walipata mbegu kwake, na hakuwahi kumnyima mtu.

Kisha ukaja ukame. Watu wakala akiba, akiba ilipokwisha wakala mbegu. Mama hakula. Alikaa na njaa, akapungua mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi, na kile kilindo chake cha mbegu hakukigusa. Kilindo ni pipa la gome la mti, kubwa kiasi kwamba wanaume wanne wanalinyanyua kwa kujikaza. Alikuwa amekiziba mdomo kwa samadi na majivu. Alisema, "Mvua ikirudi, nyumba zote zitapanda kutoka humu." Basi jueni kwamba mbegu ile ilikuwa imebaki humo tu.

Mwaka huo huo tukatakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya mbuga. Kila kaya ilipewa zamu ya lori. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akapita kuandika majina: nani ana mzigo gani. Mama akaanza kumwambia habari ya kilindo.

Nikamkata kauli mama yangu mbele ya watu! Nikasema, "Mjumbe, zamu yetu mpe mwenye shida. Sisi tuna gari."

Mjumbe akaniuliza, "Una hakika, ndugu?"

"Gari si unaliona?"

Siku ya kuhama tukang'oa milango na miti ya paa la tembe, lori la majirani likachukua miti yetu kwa hisani. Kilindo kikawa hakina nafasi tena. Yona na wanaume watatu wakakibeba mpaka kwenye saluni. Mlangoni hakikupita. Kwenye buti hakikuingia hata nusu.

Nikamwambia mama tukifungue, tumimine kwenye magunia.

Mama akasema, "Kikifunguliwa leo na kupanda bado, wadudu wataingia. Na magunia uliyo nayo yalikuwa ya unga, yana vipekecha. Hapana, baba."

Yona akasema, "Kaka, tukiweke juu ya paa. Nina kamba. Tutakwenda polepole, mimi nitatembea pembeni nikishike."

Ndugu zangu, nilitazama paa lile la buluu. Nililiosha asubuhi hiyo. Nikatazama gome la kilindo, gumu, limejaa mafundo.

Nikasema, "Rangi itachubuka."

Mama akanitazama kama vile hajasikia vizuri. "Itafanya nini?"

"Itachubuka, mama. Na bati litabonyea. Kiacheni hapo ndani, nitakuja kukichukua kesho kwa utaratibu."

"Ndani wapi? Nyumba haina paa."

"Mama, tazama mbingu! Wingu liko wapi?"

Walikirudisha kwenye kona ya tembe, Yona akakifunika kwa ngozi ya ng'ombe na matawi. Mimi kwenye kiti cha nyuma nilipakia redio, magodoro ya makochi na sanduku la nguo zangu. Mnisikie vizuri: mito ya makochi ilipata nafasi!

Jioni ile ile mvua ikanyesha. Mvua tuliyoililia miaka miwili ikachagua siku hiyo, ikamwagika mpaka asubuhi.

Kulipokucha niliondoka na gari bila hata kunywa uji. Sikufika katikati ya mbuga. Udongo mweusi ule, wanaoujua wanaujua. Saluni ikakaa kwa tumbo kama kuku anayeatamia, magurudumu yanazunguka hewani. Nikasukuma, nikatukana, nikaweka matawi, wapi! Nikiwa hapo nimejaa tope mpaka kwenye kope, ikapita pikapu ya bwana mmoja mnunuzi wa ngozi. Ilikuwa inayumba na kuteleza lakini inakwenda. Akanipungia mkono. Sikuwa na uso wa kumsimamisha.

Gari lilikaa pale siku tatu. Siku ya nne Yona akaazima punda wawili akazunguka kwa njia ya juu, penye mawe. Alirudi jioni na magunia mawili. Kilindo kilikuwa kimevimba na kupasuka, uwele umechemka wenyewe kwa wenyewe ndani, umeshikana mabonge. Harufu yake ilikuwa kama ya pombe iliyoharibika.

Mama akaingiza mkono ndani ya gunia. Akatoa bonge, akalivunja, akanusa, akaweka punje chache ulimini. Wanawake wa nyumba kumi walikuwa wamesimama na vibuyu vyao, wamekuja kuchukua mbegu kama alivyowaahidi. Akawaambia, "Nisameheni, wenzangu. Sina."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Mimi niliyestahili kupiga magoti nilikuwa nyuma ya nyumba, nachokonoa tope kwenye taa za gari ili nisimwone.

Hata hivyo aliupanda uwele ule ulioharibika, mstari kwa mstari, labda punje mbili tatu zingekuwa na uhai. Alikwenda kuutazama kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Hakikutoka kitu.

Tukagawiwa mbegu nyingine kutoka mbali, nasi tunashukuru, ilitoka vizuri. Lakini haikuwa na ndevu. Ilipoanza kukomaa ndege walishuka makundi kwa makundi. Mama, mtu ambaye hakuwahi kuamia ndege maisha yake yote, akajengewa dungu shambani. Anapanda juu ya jukwaa hilo la miti tangu alfajiri na debe bovu, anagonga na kupiga kelele mpaka jua lizame. Sauti imemkauka. Tuliyovuna hayakufika hata mwezi wa sita, tukapanga foleni ya unga wa njano wa msaada. Mama aliyekuwa anagawia watu alisimama kwenye foleni ameshika bakuli, na watu wakampisha mbele kwa heshima. Alikataa kupita. Alisimama zamu yake.

Siku moja nilimkuta njiani anatoka shambani, anachechemea, miguu ina tope mpaka magotini. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikamfungulia mlango wa mbele.

"Mama, panda nikupeleke."

Akaitazama miguu yake, akatazama kile kiti. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana inaniuma. Akasema kwa Kinyaturu chetu, kwa upole kabisa, "Asante, baba. Nitakichafua."

Akaendelea kutembea. Nikamfuata kwa gari polepole mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, kama mwehu. Watu waliokuwa barabarani walitutazama, hakuna aliyecheka.

Nimejaribu kuliuza. Hakuna anayelitaka, kwa sababu mawe yamelipasua chini, na hata lisingepasuka, nani huku anataka gari lisilobeba kitu? Yona bado hajaoa. Ng'ombe wake wamesimama hapo uani kwangu, wana magurudumu manne na hawana maziwa! Nimetembea Ilongero, nimetembea mpaka Iramba, naulizia uwele wenye ndevu. Wazee wananiambia waliuona zamani. Wengine wananiambia, nenda kamwulize mama fulani wa Mungaa, yeye hakosi. Wananitajia jina la mama yangu.

Sasa na wewe unayesoma, kama watu wamekuchangia wakakutuma gari, nunua waliyokutuma. Usinunue ya kumkomoa bosi aliyekupita miaka ile. Bosi hata hakukumbuki. Na mzazi wako akiwa na mzigo, upandishe juu ya paa, lichubuke lote libaki bati! Rangi inauzwa dukani.

Ni saa tatu asubuhi ninapoandika haya. Debe linagongwa kule shambani tangu alfajiri. Sasa limenyamaza kidogo, nadhani anapumzisha mkono. Ngoja niache kalamu nikampokee lile debe, ingawa najua ataniambia niende tu na gari langu, asije akanichelewesha.