Kidole Chako, Masikio Yangu

Kinanda kikubwa cha kanisa la chuo kilikuwa na mabomba elfu moja mia mbili na sita. Najua idadi hiyo kwa sababu niliyasikia yote, moja baada ya jingine, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka ishirini na saba. Mimi si mpiga kinanda. Nilikuwa mfunga vitabu wa maktaba, enzi zile maktaba ya chuo kikuu ilipokuwa na vitabu vya kufunga, na chumba changu cha gundi na uzi kilikuwa ukuta kwa ukuta na kanisa. Fundi wa kinanda alihitaji mtu wa kubonyeza, nami nilikuwa karibu.

Huyo fundi ndiye ninayetaka kumwandika, maana vipeperushi vya chuo vimemtaja kila mtu isipokuwa yeye.

Tulimwita Sikio. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mirefu, na alivaa koti la kaki lenye mifuko sita, kila mfuko na kifaa chake, kila kifaa na kitambaa chake. Shule aliiacha mapema kama nilivyoiacha mimi. Maarifa niliyonayo mimi niliyaokota kwenye vitabu nilivyokuwa nikivishona. Yeye yake aliyapata ndani ya tumbo la kinanda, akimshikia taa fundi aliyemtangulia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Sikio aliingia kwa mlango mdogo wa nyuma, akapanda ngazi katikati ya mabomba, mengine marefu kumpita, mengine mafupi kama kalamu. Mimi nilikaa nje, mbele ya vibao. Nikibonyeza kibao kimoja, bomba lake linalia. Kama halijapatana na mwenzake, sauti mbili zinavutana na kufanya wa-wa-wa, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Sikio alikuwa akiligonga bomba mdomoni taratibu kwa koni ya shaba mpaka mtetemo uishe, kisha anasema, "Pita." Nabonyeza kinachofuata.

Siku ya kwanza nilijitia ujuzi. Aliposema "Pita," nikajibu, "Hilo bado kidogo, naona."

Kichwa chake kikachomoza mlangoni, na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Wewe nani?"

"Mfunga vitabu."

"Sikiliza, Gundi," akasema, na tangu hapo sikuwa na jina jingine kwake. "Watu wawili hawalinganishi sauti moja. Kidole chako, masikio yangu. Ukifungua mdomo tena naleta mawe, niyapange juu ya vibao. Mawe hayana maoni."

Nikafunga mdomo. Watu tulikuwa tunaambiwa kitu mara moja na kinatosha. Leo hii kijana ana wiki mbili kazini, tayari ana maoni kuhusu mkuu wa idara.

Tukimaliza, alikuja Mwalimu, yule mama aliyefundisha muziki pale chuoni maisha yake yote. Alikaa, akapiga wimbo mmoja wa ibada, beti zote. Kama hakupendezwa, alisema, "Fundi, kimekohoa mahali," na Sikio alirudi ndani bila ubishi. Kama alipendezwa, hakusema kitu. Alifunika vibao akaenda zake. Siku za kimya hicho Sikio alitembea kama mtu aliyevishwa taji.

Mwalimu alifariki. Mwaka uliofuata chuo kikatangaza maonyesho ya kinanda kwa kumbukumbu yake, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, na picha yake mlangoni. Jambo jema, nakiri, na siku hizi sina mengi ya kukiri. Lakini wakati huo Sikio alikuwa amestaafu miaka minne, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Mratibu wa maonyesho, dada mmoja mchangamfu mwenye kitambulisho shingoni, akamfuata nyumbani. Hakumficha kitu. Onyesho la kwanza likienda vizuri, baraza la chuo litakikarabati kinanda. Lisipokwenda vizuri, wameshapata ahadi ya kile cha umeme, chenye spika.

Sikio akaja kwangu koti limepigwa pasi.

"Gundi, wameniita. Tena kwa ajili ya Mwalimu. Sitaki kikohoe."

"Vidole vyangu vimekakamaa, Fundi."

"Vilikuwa laini lini?"

Tukaenda. Kwenye miti ya nyuma ya maktaba nyenje walikuwa wanalia kiasi cha kukufanya upaze sauti ukitaka kusikika. Sikio akatazama juu, akauliza, "Hivi nyenje wa hapa walihamia wapi?"

Nikacheka. Nilidhani mzaha. Naye akanitazama usoni, kisha akacheka, amechelewa kidogo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Alitoa viota vya nyigu vya udongo kwenye mabomba makubwa, akanirushia kimoja kwa dharau. Sauti nene zote alizilaza sawasawa, moja juu ya nyingine, kama zamani. Nikasema moyoni, mzee bado yupo.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, tukafika kwenye mabomba madogo, yale ya kalamu. Nikabonyeza. Wa-wa-wa. Koni ikagonga kidogo.

"Pita."

Kidole changu hakikunyanyuka.

"Pita, Gundi. Umelala?"

Nikabonyeza kinachofuata. Kibaya zaidi. Akagonga kidogo, akasema, "Pita." Hivyo hivyo, mabomba arobaini na kitu, na ndipo nikawakumbuka wale nyenje ambao hakuwasikia.

Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Kwanza alinikataza, hilo kweli. Pili, nani anataka kumwambia mtu anayeitwa Sikio habari kama hiyo? Lakini ipo ya tatu, nayo ndiyo inayoniuma: nilijivunia kutosema. Nilijiona mimi ndiye wa mwisho aliyebaki anayejua nafasi yake katika kazi.

Mratibu akatokea mlangoni. "Wazee wangu, mmefika wapi? Kinalia vizuri?"

Sauti ya Sikio ikatoka ndani, polepole. "Muulize huyo aliyekaa."

Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kutamka neno kama hilo. Yule dada akanigeukia. "Baba, kiko sawa?"

Nikasema, "Mimi ni kidole tu."

Akacheka. "Nyie wazee mna vituko." Akaandika kwenye simu yake kwamba kinanda kiko tayari. Ndani ya kinanda koni ikagonga mara moja, kisha nikasikia, "Pita."

Jumapili kanisa lilijaa. Mpiga kinanda alikuwa mgeni kutoka mbali, amefika kwa kuchelewa, na hakupata muda wa kukijaribu zaidi ya beti mbili tatu za sauti nene. Mimi na Sikio tulikaa safu ya pili. Wimbo wa kwanza ulitiririka vizuri, nikaanza kujidanganya. Katika wa pili mgeni akavuta kishikio cha mabomba madogo, na juu kule kikatoka kitu kama visu vinavyosuguana ndani ya droo. Akaendelea mistari miwili, akakirudisha kishikio. Sehemu yote iliyobaki aliipiga kwa sauti za chini peke yake, kwa adabu, kama mtu anayepita gizani asiamshe wenye nyumba.

Sikio alikuwa anatabasamu. Yeye alisikia muziki mzuri, umepungua kidogo tu. Kisha akageuka kutazama watu wanavyofurahi. Akaona mama mmoja amekunja uso, wanafunzi wanagusana kwa viwiko. Akanitazama mimi. Uso wangu haujui kuficha kitu. Tabasamu likamtoka.

Tulisubiri watu watoke, tukakaa kwenye ngazi za nje.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ile siku?"

"Tangu bomba dogo la kwanza."

"Yule dada alipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Ulinikataza kusema, Fundi."

Akafunga vifungo vya mifuko, kimoja kimoja, mpaka cha sita. "Nilikukataza nikiwa na masikio. Ungesema siku ile ningeshuka, Gundi. Ungeingia wewe ndani, nikakaa mimi nje. Unadhani nisingeweza kuwa kidole?"

Nilikuwa nimelisikiliza lile bomba na lile jingine kwa miaka ishirini na saba. Ningeweza. Na yeye alijua kwamba ningeweza.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa mratibu nikamweleza, nikamwomba siku mbili tu, tubadilishane viti. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. "Baba, ungeniambia juzi," akasema. "Leo asubuhi baraza limeshaamua." Wiki haikuisha, kufuli la mlango mdogo likabadilishwa. Mabomba yapo mpaka leo, yanafutwa vumbi kwa mbele tu, mahali yanapoonekana kwenye picha. Spika zimefichwa nyuma yake.

Maonyesho yanaendelea, na Sikio hakuwahi kukosa. Alikaa safu ile ile, koti limepigwa pasi. Katikati ya wimbo alikuwa akiniinamia na kuuliza, "Kimekohoa?"

"Hakijakohoa, Fundi. Hiki hakiwezi."

"Juu kule?"

"Juu kule safi."

Siku moja, ikiwa imebaki miezi michache afariki, aliniuliza nami nikajibu vile vile. Akatikisa kichwa.

"Siku hizi unajibu kila ninachouliza," akasema.

Kisha akaegemea benchi, akafumba macho, na sikujua kama anasikiliza au amechoka. Sikumuuliza.