Tulipompinga Jaji Tukiwa Doha

Jaji aliyempokonya mama yangu shamba alipendekezwa kupandishwa cheo wakati rufaa yetu ikisubiri kusikizwa katika mahakama ile ile alikokuwa akipelekwa. Mimi nilikuwa Doha nikifua mashuka ya hoteli. Kukatoka tangazo: wananchi walete maoni yao kabla kamati ya bunge haijamhoji jaji hadharani. Wananchi! Nilifurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

Ijumaa hiyo Wakenya wa jengo letu la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud walijaa chumbani mwangu. Kwanza tulichagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, na mweka hazina, ingawa hazina haikuwepo. Mlinzi mmoja aliyetoka Al Rayyan akatucheka. "Dua la kuku halimpati mwewe, bana." Tukamfanya mjumbe, akanyamaza.

Katibu alikuwa dereva, mtu wa adabu kupindukia. Barua yake ilimsifu jaji aya nzima ya kwanza: busara yake, utumishi wake, na jinsi sisi watoto wake wa ughaibuni tunavyomwombea. Shamba la mama lilianzia aya ya pili. Nikasema sifa zifutwe. "Dada, huwezi kuingia boma la mtu ukianza na matusi," akanijibu. Tukapiga kura, adabu ikashinda. Nilitia sahihi nikiwa nimenuna.

Siku ya mahojiano tulibanana mbele ya simu moja. Jaji aliulizwa kuhusu masomo yake, na kwaya anayoimba kanisani. Kisha mwenyekiti wa kamati akavaa miwani, akasema hata Wakenya walio Qatar wameandika. Akaisoma aya ya kwanza yote, kwa sauti nzuri. Wajumbe wakagonga meza. Jaji akainamisha kichwa, akawashukuru watoto wake. Aya ya pili haikusomwa, maana muda ulikuwa umekwisha. Katibu wetu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Jaji akapita bila kupingwa.

Jioni mama alinipigia. Alikuwa ametazama kwa jirani, pamoja na majirani wengine aliowaita waje wasikie bintiye akimtetea. Nilimweleza habari za aya ya pili, nikarudia, nikalia. Nilipomaliza akaniuliza polepole, "Sasa mwanangu, huyo mtu amewapa nini?"