Hasi ya Kutu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, maduka ya Korogwe yalifurika betri za redio kutoka kila nchi, na nyingi zilikufa kabla hujamaliza kuzisifu. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari, naishi Masuguru, na kichwa changu kigumu kiliniambia nitengeneze betri yangu ya chumvi, ya kuchajiwa tena na tena. Chumvi tunayo. Kilichonitesa ni upande wa hasi, ule unaopokea sodiamu ya chumvi betri inapochajiwa. Nikaamua kuujaribu kwa oksidi ya chuma, yaani kutu. Nilikwangua mabati mabovu ya Old Korogwe mpaka watu wakaanza kunionea huruma, nikaisaga kutu, nikaichanganya na mkaa na gundi ya unga wa muhogo.

Wakati huohuo nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, ninayempenda hadi najiona mjinga. Wazee wake, wafugaji wa Kwaluguru, wakapanga kuja kwetu Handeni kuposa. Baba, ambaye hapendi kupitwa kwa majivuno, aliniomba nimfundishe kazi yangu. Akaikariri yote bila kuielewa hata chembe.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya pazia na shangazi, maana anayeposwa hatoi sauti. Mshenga akauliza binti anafanya nini mjini.

"Anashughulika na hasi," Baba akajibu.

Mshenga, ambaye ndiye aliyehasi madume yote ya ng'ombe kule kwao, alifurahi kupata mwenzake. "Alaa! Mwanamke? Anatumia kisu au koleo?"

"Kutu."

"Kutu, mzee mwenzangu?"

"Anapaka kutu kwanza, halafu anatumbukiza kwenye maji ya chumvi."

"Chumvi sawa, inasafisha. Lakini kutu! Na inapona?"

"Ya kwanza ilikufa palepale," Baba akasema kwa fahari. "Ya pili ilijikaza mpaka adhuhuri. Lakini mwanangu hachoki. Anasema akifaulu, ataingia nyumba kwa nyumba."

Nikasikia viti vikilia. Wanaume walikuwa wanabana miguu.

Nikainuka nikaeleze kwamba ni hasi ya umeme. Shangazi akanivuta kanga. "Kaa chini! Unaolewa."

"Siolewi, shangazi. Ndiyo kwanza naachwa."

Waliondoka bila kugusa pilau. Nililia kwa uchungu wa kweli, kwa kuwa yule mwanamume nilimtaka kuliko betri zote za dunia. Baba alinibembeleza, akasema pengine kosa lake lilikuwa kusahau habari za mkaa.

Siku zikapita bila neno. Halafu Jumamosi moja mchumba wangu akasimama mlangoni pangu Masuguru, jasho linamtoka, baiskeli ukutani, na begani kipande cha bati lililooza kabisa.

"Nimewaeleza kuwa ni umeme," akasema. "Mshenga anasema basi ndiyo mbaya zaidi."

"Na wewe unasemaje?"

Alilitua bati miguuni pangu. Lilikuwa la zizi la kwao, kutu tupu, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kukwangua.

"Posa ya kwanza imekufa palepale," akasema. "Hii ni ya pili."

Nikampa msasa.