Vigae vya Kijivu Nyuma ya Jiko

Nilileta nyumbani Ilemela vigae vitatu vya mfano, cheupe, cha kahawia na cha kijivu, nikaviegemeza ukutani nyuma ya jiko la gesi. Kwa siku tatu nilivipaka mafuta ya kukaangia samaki, nikavifuta na kuandika matokeo kwenye daftari. Cha kijivu ndicho kilichotakata vizuri, kwa hiyo nikanunua vya aina hiyo na fundi akavipanga ukuta mzima.

Jumapili dada yangu alivuka daraja kutoka Busisi kuja kuliona jiko. Alifika mlangoni akasimama.

“Kaka, umemleta mama humu?”

“Mama gani tena?”

“Si ndivyo vigae ulivyochagua mwenyewe kwa kaburi lake?”

Nilicheka, kisha nikavitazama tena. Vilikuwa vilevile, hata ile michirizi myeupe. Mimi nilidhani nimechagua kwa daftari.

“Basi mkaribishe chai,” alisema dada. “Mimi yangu nitanywea nje.”

Sijavibandua. Kila nikimaliza kupika navifuta kwa kitambaa chenye maji, na mkono wangu huenda polepole, kama ninavyofuta kaburi kuanzia kichwani.